Tupeane uzoefu: faili za mfumo zilipoharibika kwenye kompyuta ya nyumbani, wewe ulifanyaje?

Mwekahazina, Section 58 Nakuru

Hamjambo ndugu zangu. Mwezi jana laptopu yetu ya nyumbani ilikataa kuwaka. Inaleta skrini ya buluu, inajizima, inawaka tena, inarudia yale yale. Mume wangu akaipeleka kwa fundi mjini, na jioni ikarudi inafanya kazi vizuri. Tulilipa 1,500. Nilipoifungua ndipo nikaona kwamba imefutwa yote. Daftari la chama la miaka sita, picha za mazishi ya mama, na sauti yake aliyonirekodia akinielekeza kupika mrenda, vyote havipo. Hakuna aliyetuuliza kabla ya kufuta.

Wiki iliyopita kompyuta ya binamu yangu ilileta shida ya aina hiyo hiyo. Akaandika amri mbili, akangoja karibu saa nzima, ikapona na kila kitu chake kikiwa mahali pake. Nililia siku hiyo, sitaficha.

Kwa hivyo naomba kila aliyepitia haya aseme ilikuwaje na alitokaje. Msiogope kuandika kwa urefu. Tuko wengi ambao kompyuta ni moja nyumba nzima, na ndani yake mna maisha yetu yote.

Wa Kondele, Kisumu

Pole sana dada. Yangu ililetwa na stima. Mnajua mvua ya huku jioni: radi moja kutoka upande wa ziwa na mtaa mzima uko gizani. Siku hiyo Windows ilikuwa katikati ya kujisasisha, imeandika niisizime, asilimia 40 hivi. Betri ya laptopu ilikuwa imekufa kitambo, nikiitumia kwa waya tu. Stima ikaenda nayo.

Iliporudi, ikawa inaandika kwamba inaandaa ukarabati, halafu inasema imeshindwa, halafu inaanza upya. Nilikesha nayo hadi saa nane usiku. Kilichonisaidia ni ule ukurasa wa ukarabati wenyewe. Ukiikatiza ikiwa inawaka, mara mbili au tatu mfululizo kwa kubonyeza kitufe cha kuwashia hadi izime, inakupeleka huko yenyewe. Ukiingia kwenye chaguo za juu utapata dirisha jeusi la kuandikia amri.

Hapo nilikosea kitu kimoja kilichonila saa mbili. Niliandika amri nikitaja diski C, ikawa inasema haioni Windows yoyote. Kumbe ukiwa ndani ya ukarabati herufi za diski zinaweza kubadilika. Windows yangu ilikuwa kwenye D. Andika kwanza `dir C:\` halafu `dir D:\` uone folda ya Windows iko wapi. Nilipojua, nikaanza kwa kuondoa lile sasisho lililokatika:

`dism /image:D:\ /cleanup-image /revertpendingactions`

Kisha nikakagua faili:

`sfc /scannow /offbootdir=D:\ /offwindir=D:\Windows`

Ilipofika mia kwa mia ikasema imepata faili zilizoharibika na imezitengeneza. Nikawasha upya. Nilipoona picha ya watoto wangu kwenye skrini niliwaamsha wote waje waone.

Betri nimenunua. Tena sasa sikubali isasishe kukiwa na wingu.

Fundi, Nakuru mjini

Mwekahazina, kabla ya yote: hiyo laptopu ina diski ya zamani ya kuzunguka au ni SSD, ile mpya isiyo na kitu kinachozunguka ndani? Na mmeitumia kiasi gani tangu ifutwe? Nijibu upesi. Ikiwa ni ya kuzunguka, izime sasa hivi na usiiwashe tena. Kuformati kwa haraka hakufuti picha zako papo hapo, kunafuta orodha ya mahali zilipo. Picha zinabaki hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. Kila ukifungua intaneti unaandika juu yake.

Sasa niseme yangu. Nimefanya kazi hii miaka kumi na moja na inaniuma kuona wenzangu wanaformati kila kinachoingia mlangoni. Ni rahisi, ni dakika arobaini, mteja anaona inawaka. Lakini mwenye kompyuta hakuleta Windows itengenezwe. Ameleta kazi yake.

Watu wengi wanaijua `sfc /scannow`. Unatafuta cmd kwenye menyu, unabofya kitufe cha kulia, unaifungua kwa mamlaka ya msimamizi, unaandika. Ni amri nzuri, ila lazima ujue inapata wapi faili nzima. Haizitoi intaneti. Ndani ya Windows kuna ghala, folda inayoitwa WinSxS, lenye nakala za faili za mfumo. Sfc inalinganisha faili zinazotumika na zile za ghalani, ikiona mbovu inaweka nyingine. Ghala likiwa limeoza, inachota kutoka kwenye gunia bovu, ndiyo maana unapata jibu kwamba imepata ubovu na imeshindwa kutengeneza baadhi. Mtu akisoma hivyo anakata tamaa na kuleta kwangu kuformati.

Kwa hivyo tengeneza ghala kwanza:

`DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth`

Hii ndiyo inayotumia intaneti, kwa sababu inachukua faili safi kutoka Microsoft kupitia Windows Update. Uwe na bando la kutosha. Inaweza kusimama kwenye asilimia ile ile muda mrefu. Juzi ya mteja ilikaa kwenye 62.3 kama dakika ishirini, mimi nikaendelea na kazi nyingine. Usiifunge. Ikimaliza, washa upya, ndipo upitishe sfc.

Asiye na bando anaweza kutumia flashi yenye Windows ya toleo lile lile na kuielekeza DISM huko:

`DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth /Source:WIM:E:\Sources\Install.wim:1 /LimitAccess`

E ni herufi ya flashi yako, na ile 1 mwishoni ni namba ya toleo ndani ya faili hiyo. Ukikuta install.esd badala ya install.wim, andika ESD pale kwenye WIM na ubadilishe jina la faili.

Lingine, na hapa nawasihi. Faili za mfumo haziharibiki zenyewe tu. Ukizitengeneza leo na wiki ijayo zimeharibika tena, acha kupitisha amri, utafute kinachozila. Mara nyingi ni diski inayokufa. Sikiliza kama inagonga. Angalia kama kufungua folda kunachukua dakika nzima. Programu ya bure kama CrystalDiskInfo itakuonyesha hali yake kwa rangi, ikiwa ya njano au nyekundu hamisha vitu vyako siku hiyo hiyo. Tena usikimbilie `chkdsk C: /r` kwenye diski inayoumwa kabla hujatoa nakala. Amri hiyo inasoma kila kipande cha diski kuanzia mwanzo hadi mwisho, na diski dhaifu inaweza kukata roho katikati ya hiyo safari. Nimeona ikitokea mezani pangu, ilikuwa ya mwanafunzi aliyekuwa na tasnifu ndani. Tangu siku hiyo kutoa nakala ni kitu cha kwanza, hata kabla sijauliza shida ni nini.

Mwekahazina, Section 58 Nakuru

Fundi, ni ya kuzunguka, GB 500. Imetumika siku nne hivi, mtoto alikuwa akifanyia kazi za shule. Nimeizima sasa.

Mwalimu, Bungoma

Mimi nilikuwa nafungua programu ya kutengenezea mitihani, ikasema msvcp140.dll haipo. Nikatafuta jina hilo mtandaoni, nikapata tovuti inayotoa faili hiyo peke yake, nikaipakua na kuibandika ndani ya folda ya Windows iitwayo System32. Programu ikabadilisha kilio, ikaanza kutoa namba 0xc000007b. Siku mbili baadaye kivinjari kikawa kinajifungulia kurasa za kamari.

Kijana mmoja jirani alinieleza vizuri, nami nawapitishia. Faili za dll, yaani vipande ambavyo programu huvitegemea ili zifanye kazi, hazipakuliwi moja moja kutoka kwa watu usiowajua. Hiyo msvcp140 pamoja na vcruntime140 ni sehemu ya furushi la Microsoft liitwalo Visual C++ Redistributable, na linapatikana bure kwenye tovuti ya Microsoft yenyewe. Weka ya x64 (biti 64) na ya x86 (biti 32) zote mbili, maana programu nyingi za zamani bado ni za biti 32. Ile 0xc000007b mara nyingi ni dalili kwamba faili ya biti moja imewekwa palipohitaji ya nyingine. System32, licha ya jina lake, ndiyo yenye faili za biti 64, na za biti 32 zinakaa SysWOW64. Mimi nilikuwa nimechanganya.

Niliondoa ile niliyoipakua, nikasafisha virusi, nikaweka furushi. Mitihani ya darasa la nane ilichapishwa siku moja kabla ya kufanywa.

Wa Kakamega

Yangu ni fupi. Kompyuta ya mezani, skrini ya buluu kila siku na kila siku ujumbe tofauti. Sfc inatengeneza, kesho zimeharibika nyingine. Nikaandika `mdsched` kwenye menyu, ikawasha upya na kukagua RAM, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ikasema ina hitilafu. Nikazima, nikachomoa waya ukutani, nikaitoa ile RAM na kusugua meno yake ya dhahabu polepole kwa kifutio cheupe cha shule. Kifutio kikawa cheusi. Nikapuliza vumbi, nikairudisha hadi ikalia tik pande zote mbili. Mwaka na nusu sasa.

Fundi, Nakuru mjini

Hiyo ni kweli kabisa, na kwetu Nakuru vumbi ni shida kubwa zaidi. RAM mbovu inaharibu data ikiwa njiani kwenda kwenye diski, kwa hivyo diski inalaumiwa bure. Mkisugua, mguse chuma kwanza mtoe umeme wa mwilini.

Mwanafunzi, Njoro

Naomba kuongeza kitu kidogo kilichonisumbua muhula mzima. Sasisho zilikuwa zinakataa, tovuti zinasema si salama, DISM inashindwa kufikia Microsoft. Saa ya kompyuta ilikuwa inarudi nyuma miaka kila nikiizima. Kompyuta ikidhani ni mwaka mwingine, inavikataa vyeti vya usalama vya tovuti. Ilikuwa betri ndogo ya duara kwenye ubao mama, CR2032. Nilinunua kwa shilingi 100.

Wa Busia

Mimi niliuziwa laptopu iliyotumika, muuzaji akaniambia Windows imelipiwa. Kila nikipitisha sfc inasema imetengeneza, nikiwasha upya programu za ulinzi zimezimwa tena. Ilikuwa imewekewa programu ya kuiba leseni, na programu hizo kazi yake ni kubadilisha faili za mfumo makusudi. Sfc inarudisha, ile inaharibu. Nilihisi nimedanganywa, kwa sababu kwenye laptopu hiyo nilikuwa nikiingiza paswadi za iTax, ile tovuti ya kodi, na za benki.

Nilihamisha nyaraka zangu tu, si programu, nikaweka mfumo upya kutoka kwenye flashi ya GB 8 niliyoitengeneza kwa kifaa cha Microsoft. Laptopu nyingi za kampuni zina leseni yake ndani ya ubao mama, na yangu ilikuwa nayo, ikajithibitisha yenyewe nilipounganisha intaneti. Kumbe sikuhitaji kuibiwa wala kuiba.

Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Ya mke wangu haiwezi kubeba 11, nimemwekea Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, na anaandika ripoti zake bila shida.

Wa Nyalenda, Kisumu

Swali tafadhali. Nimeingia kwenye ukarabati kama ndugu wa Kondele alivyosema, nikaambiwa niweke namba ndefu ya BitLocker, ile kufuli ya Windows inayofunga diski. Sijawahi kuwa nayo. Nimepoteza kila kitu?

Wa Kondele, Kisumu

Hapana ndugu, tulia. Tumia simu, ingia account.microsoft.com/devices/recoverykey kwa barua pepe ile uliyofungulia kompyuta. Namba ina tarakimu 48. Linganisha kwanza kitambulisho kilichoandikwa kwenye skrini na kile cha kwenye tovuti. Ukiipata iandike kwenye karatasi, uiweke pamoja na vyeti vyako.

Wa Nyalenda, Kisumu

Nimeipata. Ilikuwa kwenye barua pepe ya binti yangu aliye Eldoret, ndiye aliyeniwashia kompyuta siku ya kwanza. Asanteni sana, asanteni.

Mwekahazina, Section 58 Nakuru

Nimerudi kuwaeleza. Jumamosi nilimpelekea Fundi laptopu. Aliitoa diski, akaiunganisha kwenye kompyuta yake, akanakili diski nzima kwanza ili asiguse ya asili. Halafu akapitisha PhotoRec, programu ya kurudisha faili zilizofutwa, kwenye nakala. Nilikaa kwenye stuli kando yake tangu saa tatu asubuhi hadi saa kumi.

Zinarudi bila majina. Ni f na namba ndefu, folda baada ya folda, picha za matangazo ya tovuti zimechanganyika na zetu. Nimepata 312 za mazishi, nyingine zimekatwa nusu chini, kijivu kitupu. Ile ya mama akiwa ameshika jembe mbele ya nyumba ya Vihiga iko nzima. Daftari la chama limerudi la mwaka juzi, lile la mwaka huu halipo, lakini wanachama wana jumbe za M-Pesa, tutalijenga upya.

Faili za sauti ziko 1,140. Nyingi ni milio ya michezo ya mtoto. Nimesikiliza hadi ya 400 na naendelea usiku wa leo.