Tupeane uzoefu: mkono wa kushoto wa mpiga piano wa jazi unayempenda

Mwanzilishi, Langoni, Lamu

Assalam aleikum ndugu zangu. Kila tunapozungumzia wapiga piano wa jazi, mazungumzo huishia kwenye kasi ya vidole: nani ana mbio zaidi, nani anajaza noti nyingi zaidi. Naomba safari hii tuwatazame kwa upande mwingine. Kila mmoja atueleze ni mpiga piano gani anayempenda, alimjuaje, na mkono wake wa kushoto unafanya kazi gani, kwa sababu mimi naamini kwamba mkono huo ndio unaowatenganisha mabingwa hawa kuliko kitu kingine chochote. Nina ombi moja tu: msiwasikilize kwa spika ya simu. Spika ile ndogo haitoi sauti za chini, na nusu nzima ya piano hupotea. Tafuteni spika za masikioni au redio yenye besi ya kutosha.

Naanza mwenyewe. Nimelelewa katika nyumba ya taarabu, ambamo udi wa Zein l'Abdin, mzaliwa wa papa hapa Lamu, ulikuwa ukisikika karibu kila jioni, kwa hiyo sikio langu lilizoea muziki usiokuwa na haraka. Nilipomsikia Art Tatum kwa mara ya kwanza nilistaajabu mno. Mtu huyu alizaliwa Toledo, Ohio, mwaka 1909, akawa karibu kipofu, na mkono wake wa kushoto ulikwenda kwa mtindo wa straidi: unagonga noti ya chini katika pigo la kwanza na la tatu, kisha unaruka hadi katikati ya piano kushika sauti kadhaa kwa pamoja katika pigo la pili na la nne, na kurudi tena chini, bila kukosea. Hakuhitaji besi wala ngoma. Namheshimu sana, lakini muziki wake umejaa kiasi kwamba mimi msikilizaji sikupata pa kuingilia.

Niliyempenda ni Ahmad Jamal. Mwezi Januari 1958 yeye, Israel Crosby kwenye besi na Vernel Fournier kwenye ngoma walirekodiwa wakipiga katika hoteli ya Pershing mjini Chicago. Sikilizeni "Poinciana" katika rekodi ile. Mkono wa kushoto unatoa sauti mbili tatu, unanyamaza, na wale wawili wanaendelea kana kwamba hakuna kilichopungua. Mdundo wa Fournier unasikika wote. Jamal anaporudi, hurudi mahali ambapo hukumtarajia, kwa sauti ndogo, kisha ghafla kwa sauti kubwa. Miles Davis, mpiga tarumbeta, alikuwa akisema waziwazi jinsi alivyojifunza kwake, na mtu akizisikiliza rekodi za Davis za miaka ile atakubali. Karibuni.

Mpapasa kinanda, Malindi

Ahsante, kaka, kwa mada hii. Mimi napapasa kinanda katika hoteli za hapa Malindi, ambako wageni, wengi wao Waitaliano, hupenda nyimbo za polepole wakati wa chakula cha usiku. Piano yenyewe ni adimu, kwa kuwa hewa ya chumvi hushikisha kutu nyuzi zake na unyevu huvimbisha mbao, basi wengi wetu tumejifunza kwenye vinanda vya umeme, na kwenye vinanda hivyo tumezoezwa kuishikilia noti ya msingi kwa kidole kidogo cha kushoto. Mpiga besi mmoja, mkubwa wangu kwa umri, alinivuta kando baada ya kazi akaniambia: "Mdogo wangu, mbona unanikanyaga? Hiyo noti ni yangu." Akanipa rekodi ya Bill Evans nikaisikilize nyumbani.

Hapo nilielewa alichotaka. Wale walioimba kwaya kwa do-re-mi watanifuata kwa urahisi. Wimbo ukisimama kwenye do, mkono wa kushoto wa Evans mara nyingi hauigusi do. Unashika mi, so, ti na re, vidole vikiwa karibu karibu katikati ya piano, na do yenyewe inaachiwa besi. Matokeo yake ni kwamba mpiga besi anakuwa huru: anaweza kuitoa ile do, kuichelewesha, au kuizunguka na kusema jambo lake. Ndivyo alivyofanya Scott LaFaro tarehe 25 Juni 1961, walipopiga na Paul Motian, mpiga ngoma, katika klabu ya Village Vanguard, New York. Besi pale haimsindikizi mtu. Inazungumza na piano ana kwa ana. Siku kumi na moja baadaye LaFaro alifariki katika ajali ya gari akiwa na umri wa miaka 25, na mimi siwezi kuisikiliza rekodi ile bila ya kulikumbuka jambo hilo. Tangu niifuate njia ya Evans, yule mzee wa besi hataki kupiga na mtu mwingine.

Mwalimu, Shela

Mimi si mpigaji, ni msikilizaji, na jazi ilinijia kupitia lugha. Binamu yangu anayeishi ng'ambo alinitumia rekodi bila ya maelezo yoyote. Nilikuwa nikisahihisha insha za wanafunzi, na nilipoifungua nikasikia sauti ya mwanamume ikisoma shairi kwa Kiswahili. Kalamu nyekundu niliiweka chini. Rekodi hiyo ni *Uhuru Afrika* ya Randy Weston, iliyorekodiwa New York mwaka 1960, mwaka ambao nchi nyingi za Afrika zilipata uhuru. Shairi liliandikwa na Langston Hughes, mshairi Mmarekani mweusi, na msomaji wake kwa Kiswahili ni Tuntemeke Sanga wa Tanganyika. Mpangaji wa muziki wa kundi lile kubwa alikuwa mwanamke, Melba Liston, naye pia mpiga tromboni hodari, na nawaomba ndugu zangu tusimsahau, maana wanawake wa jazi hutajwa kwa nadra. Utawala wa makaburu wa Afrika Kusini uliipiga marufuku rekodi hiyo mwaka 1964.

Baada ya hapo nikamfuatilia Weston mwenyewe. Alizaliwa Brooklyn mwaka 1926, akawa mtu mrefu kupita kiasi mwenye viganja vikubwa, na mkono wake wa kushoto haupendi kukaa katikati. Hushuka hadi vibonye vya mwisho kabisa, ukashika mapigo machache na kuyarudia kama ngoma kuu ya msondo, huku wa kulia ukigonga noti chache zenye uzito. Baadaye alihamia Morocco, akaishi Tangier na kupiga pamoja na Wagnawa, wanamuziki wa huko, ambao gimbri yao, ala yenye nyuzi tatu, pia hutoa sauti nzito ya chini inayojirudia. Nikiilinganisha piano yake na ya Evans, ambayo ni nzuri bila shaka, naona Evans anawaza peke yake chumbani, ilhali Weston amesimama uwanjani na watu wake.

Msikilizaji, Malindi

Mjomba wangu alikuwa mpiga udi. Kiharusi kilimlegeza mkono wa kushoto, ambao ndio unaobana nyuzi, na akaacha. Nilimpelekea rekodi za Oscar Peterson za baada ya mwaka 1993, Peterson naye akiwa amepatwa na kiharusi kilichomdhoofisha mkono uleule, mkono uliokuwa ukikimbia sawa na wa kulia. Alirudi jukwaani akipiga zaidi kwa wa kulia. Mjomba alisikiliza wimbo mzima, kisha akataka tuanze upya, akiniuliza kila mara, "Hapa ni mkono gani?" Sasa anawafundisha wajukuu kwa mdomo, wao wakibana nyuzi. Sina la kuongeza kuhusu mitindo.

Kijana wa Mkomani, Lamu

Mwanzilishi, kwa heshima zote, umesifu ukimya wa Jamal na hukumtaja Thelonious Monk. Ukimya wa Jamal unapumzisha. Wa Monk unakufanya uinue kichwa kutazama kama kuna kilichoharibika. Yeye hupiga vidole vikiwa vimenyooka, hugonga noti mbili zinazopakana kwa pamoja, kisha huachia moja na kuiacha nyingine ikilia, na sikio husikia noti ambayo piano haina. Wanaosema hakujua kupiga wausikilize mkono wake wa kushoto anapopiga peke yake: ni straidi ileile ya Tatum, imepunguzwa mwendo, na baadhi ya mapigo yameondolewa kwa makusudi.

Mwanzilishi

Nimekubali, mdogo wangu, na usiku huu nitamsikiliza Monk tena. Bado nangoja atakayemleta McCoy Tyner, maana alipiga nyuma ya mpiga saksafoni John Coltrane kuanzia mwaka 1960 hadi 1965 akiangusha mkono wa kushoto mzima kwenye noti za chini, na hakuna hata mmoja wetu aliyemgusa.