Mshazari wa Cantor kwenye namba wiano: nimepata 41/90, kosa liko wapi?

tarakimu_ya_n

Salaam wakuu. Hoja ya mwanahisabati Cantor kwa namba halisi naifahamu: panga orodha, shuka kimshazari, badili kila tarakimu unayokutana nayo, utapata namba isiyomo. Sasa nimeijaribu kwa namba wiano (zinazoandikika kama sehemu ya namba nzima mbili) zilizo kati ya 0 na 1. Nimezipanga kwa asili (namba ya chini ya sehemu): 1/2, 1/3, 2/3, 1/4, 3/4, 1/5 na kuendelea, sehemu zinazorahisishika (kama 2/4) nimeziruka. Tarakimu ikiwa 5 naandika 4. Ikiwa nyingine yoyote naandika 5.

Mstari wa 1: 0.5000… tarakimu ya 1 ni 5, naandika 4
Mstari wa 2: 0.3333… tarakimu ya 2 ni 3, naandika 5
Mstari wa 3: 0.6666… tarakimu ya 3 ni 6, naandika 5
Mstari wa 4: 0.2500… tarakimu ya 4 ni 0, naandika 5

Nimefika mstari wa 20 na baada ya ile 4 ya mwanzo ni 5 tupu. Yaani 0.4555…, ambayo ni 41/90. Hiyo ni namba wiano, na hoja inasema haimo kwenye orodha. Lakini orodha ina namba wiano zote! Ama namba wiano hazihesabiki (yaani haziwezi kupangwa zote kwenye orodha moja), ama hoja ina tundu. Ni lipi?

asili_na_kiasi

Hakuna tundu, ila umesimama mapema. Ongeza mistari mitano. Sehemu zenye asili 8 zinaishia mstari wa 21. Kisha 1/9 ni wa 22, 2/9 wa 23, 4/9 wa 24, na 5/9 ni wa 25. Sasa 5/9 = 0.5555…, tarakimu yake ya 25 ni 5, kwa hiyo unaandika 4. Mfululizo wako wa 5 umekatika hapo.

Lakini usitegemee bahati ya 5/9. Iite namba yako D. Tuseme D ni namba wiano. Orodha yako ina namba wiano zote, basi D ingekuwa kwenye mstari fulani, tuuite n. Ila D umeitengeneza itofautiane na mstari wa n kwenye tarakimu ya n. Haiwezekani. Kwa hiyo D si namba wiano, na desimali zake hazitajirudia kwa mpangilio hata ukienda mbali kiasi gani.

Hiyo 41/90 unayoishuku imo kwenye orodha. Nimeihesabu: asili 2 hadi 89 zinatoa mistari 2455, na 41 ni ya 11 kati ya zile zisizo na kigawo cha pamoja na 90 (1, 7, 11, 13, 17, 19, 23, 29, 31, 37, 41). Basi iko mstari wa 2466. Tarakimu yake ya 2466 ni 5, ya D ni 4.

Hatua ya mwisho ya hoja ndiyo inayobeba kila kitu, na ndiyo watu huiruka. Kwa namba halisi, D ni namba halisi bila shaka, maana desimali yoyote isiyo na mwisho ni namba halisi; kwa hiyo orodha imepungukiwa na kitu ilichodai kuwa nacho. Kwa namba wiano, D imetoka nje ya seti yenyewe. Orodha haikudai kuwa nayo, basi hakuna ukinzani.

baki_na_kigawo

Kwa atakayetaka kuhakikisha kwa kompyuta: usitumie desimali za kawaida za programu. Zinabeba tarakimu kama 15 au 16 tu zilizo sahihi, na mstari wa 25 unahitaji ya 25. Ukizidi hapo unasoma takataka.

Tumia namba nzima. Tarakimu ya n ya p/q hupatikana hivi: tafuta baki la p × 10^(n−1) ukigawa kwa q, zidisha baki hilo kwa 10, gawa tena kwa q, chukua sehemu nzima. Kwa 5/9 na n = 25, baki ni 5; 50 kwa 9 ni 5. Kwenye lugha ya programu ya Python, pow(10, n-1, q) inakupa baki la kipeo moja kwa moja, hata mstari wa 2466 hauchukui muda.

tarakimu_ya_n

Nimeona, shukrani sana. Sasa upande wa namba halisi: kwa nini nisiichukue D nikaiweka juu kabisa ya orodha, kila kitu kikasogea hatua moja? Na je, naweza kutumia mfumo wa tarakimu mbili, 0 na 1, ili kubadili kuwe rahisi?

asili_na_kiasi

La kwanza: orodha mpya ina D yake mpya. Dai si kwamba orodha moja imekosa namba moja. Dai ni kwamba orodha *yoyote* utakayoleta inakosa. Ukishaweka kiraka, hiyo ni orodha nyingine, na inapitia mshazari uleule.

La pili ni mtego, na ni mtego halisi. Tazama orodha hii ya tarakimu mbili:

Mstari wa 1: 0.1000…
Mstari wa 2: 0.0000…
Mstari wa 3: 0.0100…
Mstari wa 4: 0.0010…

Tuseme mistari yote inayofuata nayo ina 0 pale mshazari unapopita. Geuza: 1 inakuwa 0, kila 0 inakuwa 1. Unapata 0.0111…, na kwenye mfumo huo hiyo ni sawasawa na 0.1000…, yaani mstari wa 1. Namba "mpya" imo tayari! Tarakimu zimetofautiana, namba haikutofautiana. Ndiyo sababu kanuni yako ya 4 na 5 ni nzuri: namba yenye maandishi mawili lazima iishie na 0 tupu au 9 tupu, na D haina kati ya hizo.

Cantor mwenyewe, mwaka 1891, hakugusa desimali. Alitumia mifuatano ya herufi mbili, m na w, na mifuatano miwili ikitofautiana mahali pamoja tu ni mifuatano tofauti, basi. (Uthibitisho wake wa kwanza, wa 1874, hauna mshazari kabisa, unabana namba ndani ya vipande vinavyozidi kuwa vifupi.)

baki_na_kigawo

Nyongeza kwa muulizaji, maana swali lako liko hatua moja kabla ya jambo zito. D yako si namba wiano, lakini kuna programu inayoitoa tarakimu baada ya tarakimu. Sasa chukua namba zote zenye programu ya namna hiyo. Programu ni maandishi yenye mwisho, kwa hiyo seti hiyo inahesabika. Pitisha mshazari: D inaonekana nayo ina programu, na bado haimo. Hapa ukinzani unaonekana wa kweli, kwa sababu safari hii D haikutoka nje ya seti.

Mwanahisabati Alan Turing alilishughulikia hili mwaka 1936. Orodha ipo, ila hakuna programu inayoweza kuiandika, kwa sababu ingebidi itambue ni programu zipi zitakwama njiani bila kutoa tarakimu inayofuata, na hakuna programu inayoweza kutambua hilo kwa programu zote. Bila programu ya orodha, D nayo inakosa programu, inatoka nje ya seti kama ilivyotoka kwenye namba wiano zako.