Dirisha linavuja mvua ya upepo tu, na kioo kimevunjika chenyewe

Muulizaji: Wakuu, naombeni msaada. Dirisha la aluminiamu ghorofa ya tatu linavuja pale tu mvua inapokuja na upepo. Fundi kapaka silikoni kuzunguka fremu yote kwa nje, sasa linavuja zaidi.

Fundi Mkaguzi: Mkuu, angalia chini ya fremu kwanza. Kuna vitundu vya kutolea maji. Fremu hutengenezwa ikijulikana kwamba maji kidogo yataingia, kisha yatoke hapo. Vikizibwa, maji hujaa ndani ya reli na kumwagikia chumbani. Vizibue. Likiendelea kuvuja, mwagia maji kwa mpira ukianzia chini, mwenzako akiangalia kwa ndani, ndipo upande taratibu. Ukianzia juu, maji yatateremka kila mahali na hutajua yameingilia wapi. Inaniuma sana kuona watu wakibomoa ukuta bure.

Muulizaji: Nitafanya hivyo. Na kioo cha mlango wa roshani? Kimepasuka usiku, vipande vidogo vidogo, hakuna aliyekigusa.

Mchangiaji: Joto tu hilo.

Fundi Mkaguzi: Tusikimbilie huko. Hicho ni kioo kilichoimarishwa kwa joto. Usifagie bado, piga picha! Tafuta mahali nyufa zilipoanzia. Vipande viwili vikubwa kidogo vilivyokaa kama mabawa ya kipepeo, vyenye kidoa mpakani, huashiria chembe ya nikeli salfaidi, yaani uchafu mdogo uliobaki ndani ya kioo kilipotengenezwa, ambayo hutanuka polepole hata miaka baada ya kioo kufungwa. Kama nyufa zimeanzia ukingoni, tafuta skrubu au chuma kilichogusa kioo.