Maharagwe ya shamba darasa yamenivutia, lakini faida iko wapi?

MamaMalava
Mulembe wadau. Nalima robo ekari ya maharagwe hapa Malava, Kakamega. Masika nilipanda gorogoro (kopo la kupimia nafaka) tatu za mbegu niliyoachiwa na mama mkwe, nikavuna kumi na moja tu. Miche ilinyauka ikiwa bado midogo. Nilipong'oa mmoja, mzizi wote ulikuwa kahawia, ngozi yake ikabaki vidoleni mwangu.

Kwa jirani kulikuwa na shamba darasa: mbegu yetu ya kienyeji kando ya mbegu mbili zilizoboreshwa, KK8 na KK15, udongo ule ule. Upande wa mbegu yetu mapengo matupu; upande wa KK hakuna mstari uliokatika. Nilihesabu maganda ya mche mmoja wa KK8 nikafika kumi na tisa. Karibu nilie.

Shida ni kwamba jirani aliletewa mbegu na mbolea ya DAP bure, hata vibarua wa palizi walilipiwa. Mimi nitanunua kila kitu. Nikipanda mwisho wa Agosti, nitabaki na chochote kweli?

ShambaNjoro
Pole sana dada. Huko ni kuoza kwa mizizi, na hizo KK zilitolewa na watafiti wa Kakamega kwa ajili ya ugonjwa huo huo. Kwenye hesabu, gharama ya mbegu usiiweke yote kwenye msimu mmoja. Maharagwe hujichavusha yenyewe, si kama mahindi chotara, kwa hivyo utaweka mbegu yako misimu kadhaa. Chagua tu kwenye miche yenye afya, kabla ya kuvuna, maana magonjwa mengine husafiri ndani ya mbegu. DAP ndiyo ya kuhesabu kila msimu.

Luanda_Sokoni
Mimi naongezea rangi, kwa sababu iliniumiza. KK15 ni nyeusi. Ilizaa vizuri sana kwangu, lakini broka alishika kiganja kimoja akakirudisha guniani: "Nyeusi nitampelekea nani?" Nikauza gorogoro moja moja hadi Desemba. Nyumbani tunaipenda, ina mchuzi mzito. Ya kuuza, mama, panda KK8. Ina madoadoa mekundu, wateja wameizoea. Na usiuze wiki ya mavuno kila mtu akiwa anauza. Anika mpaka punje igome jino, kisha funga kwenye mfuko usiopitisha hewa, fukusi watakufa humo.

MzeeWaButere
Binti yangu, KK inavumilia ugonjwa, haiuondoi. Nilirudisha KK8 mahali pamoja misimu mitatu mfululizo, msimu wa tatu ikaoza kama ya kienyeji. Hamisha, pale weka viazi vitamu. Mahali panapotuama maji, inua tuta. Na tia samadi.

MamaMalava
Asanteni sana, na wewe mzee shikamoo. Nimekaa na daftari jioni hii. Nikijipalilia mwenyewe na kununua mbegu mara moja tu, naona njia. Nitaweka KK8 nusu ya kipande, upande wa juu usiotuama maji, na nusu ya chini viazi vitamu. Kila shilingi nitaiandika, hata ya kupura, ndipo niamue msimu ujao. Mzee, samadi niitie kwenye mfereji siku ya kupanda ama mapema?

MzeeWaButere
Marahaba. Ingiza mkono katikati ya lundo. Ikiwa imepoa na hainuki, siku hiyo hiyo, uichanganye na udongo kabla ya mbegu. Ikiwa bado ina joto, ngoja.