Kwa nini wanawake wa Uswisi walipata kura mwaka 1971 tu?

Mdadisi: Ndugu wanajukwaa, salaam. Uswisi inasifiwa kwa kuwapa raia kura ya maoni katika mambo mengi, lakini wanawake wake hawakuruhusiwa kupiga kura za kitaifa hadi mwaka 1971. Ni chama gani kilichozuia mageuzi hayo?

Mwalimu Nassor: Usitafute chama kimoja, kwa maana kizuizi kikubwa kilikuwa utaratibu wenyewe. Katiba ya shirikisho haibadilishwi mpaka wapiga kura walio wengi, pamoja na majimbo yaliyo mengi, wakubali. Na wapiga kura wote walikuwa wanaume. Kwa hiyo serikali na bunge walipoliafiki pendekezo hilo, tarehe 1 Februari 1959 wanaume walilikataa kwa takriban asilimia 67. Siku hiyo hiyo jimbo la Vaud liliwapa wanawake wake kura katika mambo ya jimbo.

Bi Rehema: Naongezea kwamba walikuwapo hata wanawake waliofanya kampeni ya kupinga, wakidai kuwa siasa si mahali pao. Lakini tazameni kijiji cha Unterbäch, jimboni Valais. Mwezi Machi 1957 taifa liliulizwa kama wanawake walazimishwe kutumika katika ulinzi wa raia, na halmashauri ya kijiji ikaona ni dhuluma kuwatwika wajibu huo bila kuwauliza. Katharina Zenhäusern akawa wa kwanza kutumbukiza karatasi yake sandukuni, ingawa kura za wanawake hao hazikutambuliwa. Kwangu mimi, hoja ya wapinzani ilianguka pale.

Mdadisi: Ahsanteni. Basi ni nini kilichowageuza wanaume kati ya 1959 na 1971?

Mwalimu Nassor: Majimbo kadhaa yalikuwa yamekwisha kubadilika. Kisha serikali ilipotaka kutia saini Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu huku ikijiwekea msamaha katika suala hili, wanawake waliandamana hadi Bern tarehe 1 Machi 1969, Emilie Lieberherr akiwa miongoni mwa viongozi wao. Mwaka 1971 karibu theluthi mbili ya wanaume walikubali.

Bi Rehema: Kura za majimbo zilibaki shauri jingine. Huko Appenzell Innerrhoden, ambako wakati huo wanaume peke yao walikusanyika uwanjani kila Aprili na kupiga kura kwa kuinua mikono, upanga kiunoni ukiwa ushahidi wa haki yao, walikataa tena mwaka 1990. Mahakama Kuu ya Shirikisho ndiyo iliyowalazimisha, Novemba mwaka huo huo.