Kindi wanamaliza karanga zangu, naomba kipimo cha dawa

Mama_Luweero – Jumatano, saa 3 usiku

Hamjambo ndugu zangu. Niko Luweero, Uganda, nyuma ya nyumba nina kipande cha kama robo eka. Tangu mume wangu astaafu jeshini tukajenga huku, karanga ndizo zinazonipa chumvi na sabuni. Sasa kindi wamenishinda. Mchana nawaona kwenye mparachichi, wawili, watatu, mikia juu, wanapita ukutani na kushuka bustanini. Usiku nasikia wanakwaruza. Kukicha nakuta mstari mzima umefukuliwa, shimo baada ya shimo, kama mtu kapita na kijiti. Msimu wa Machi nilipanda mara mbili. Ndoo ya kwanza ya mbegu ilikwenda yote.

Mvua za pili zimeanza na mbegu nimeshazibangua. Swali langu ni moja tu: ile dawa ya chengachenga ya zambarau, kwa kilo tano za mbegu unaweka vijiko vingapi? Anayejua anijibu upesi, nataka kupanda Jumamosi.

Afande_Mstaafu

Shikamoo mama mwenye nyumba, na salamu kwa mzee, huenda tunafahamiana. Karanga na kindi ni vita vya zamani. Sisi tulikulia Nakasongola, na msimu wa kupanda ulikuwa na wiki mbili ambazo watoto tulihamia shambani. Kila mmoja na kopo lake na kijiti. Baba alituamsha kabla jua halijatoka, maana kindi wa chini naye huamka na jua, na ana njaa. Jioni tena hivyo hivyo. Kuna siku nililala chini ya mti, nikaamka mistari minne haipo. Fimbo niliyokula naikumbuka mpaka leo. Lakini karanga zikishatoka ardhini na kufungua majani, kwetu kindi hakuwa na habari nazo tena. Kinachomwita ni ile mbegu. Kwa hiyo ni siku kumi, kumi na nne, halafu unapumzika.

Mla_Fenesi

Huyo kindi mhesabu kama mpangaji, mtoze kodi.

Mtoto_wa_Ngaali

Mimi sitakupa kipimo. Ukoo wetu ni wa Ngaali, korongo taji, na jambo hili linaniuma. Huyu ndege yuko kwenye bendera yetu, na tangu 2012 ameingizwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Chakula chake kimojawapo ni hiyo hiyo mbegu mbichi, mahindi na karanga, inayofukuliwa shambani siku za kwanza. Ukiitia sumu ukidhani unamlenga kindi, anayeshuka alfajiri kutoka kwenye kinamasi ni korongo na mwenzake. Karibu na kwako kuna kinamasi?

Mama_Luweero

Kinamasi kipo, chini ya barabara. Korongo nawaona, lakini hawaji kwangu. Jamani mimi nimeuliza vijiko. Kulinda siwezi, magoti yananisumbua, na watoto wako shule.

Bwana_Mifugo

Mama, kabla ya vijiko nina maswali. Hiyo dawa imekuja kwenye chupa au pakiti yenye maandishi, au umepimiwa kwenye kaveera, mfuko wa plastiki tu? Halafu umesema Machi ulipanda mara mbili, na ndoo ya kwanza ikaliwa yote. Ya pili je, iliota?

Mama_Luweero

Kwenye kaveera. Ya pili iliota vizuri.

Bwana_Mifugo

Iliota kwa nini? Kindi walikuwa wamehama?

Mama_Luweero – Alhamisi, saa 11 alfajiri

Sikulala. Nitasema.

Ya pili niliichanganya na dawa hiyo hiyo, kwa kukisia. Iliota. Siku ya nne mbwa wa jirani akafa. Ni mzee mjane, yule mbwa ndiye alikuwa mlinzi wake na mwenzake wa kuongea naye. Alisema ni wezi wamemtegea mbwa nyama yenye sumu, na kijiji kizima kikaamini hivyo, mpaka mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, akaitisha kikao cha ulinzi. Mimi nilikaa kwenye kile kikao nikanyamaza.

Lakini naomba mnielewe. Sikumwekea mbwa chochote. Nilidhani mbwa hali karanga mbichi. Na bila dawa ile nisingevuna hata gunia. Ndiyo maana safari hii nataka kipimo sahihi, kiwe kidogo, kimdhuru kindi peke yake. Kilo mbili nimeshazichanganya, ziko kwenye ndoo yenye mfuniko. Siwezi kuzitupa, ni pesa.

Sister_Arua

Dada yangu, pole. Lakini umeacha mtu mzima aogope wezi ambao hawapo. Kila usiku anafunga mlango mara mbili kwa sababu yako. Hilo kwangu ni zito kuliko karanga.

Bwana_Mifugo

Mbwa alitokwa na povu mdomoni? Alitetemeka?

Mama_Luweero

Ndiyo, vyote viwili.

Bwana_Mifugo

Basi sikiliza. Kipimo cha kumuua kindi peke yake hakipo duniani. Dawa za namna hiyo hushika mishipa ya fahamu. Mnyama anatoa mate, anatetemeka, pumzi inakatika, na anayekula mzoga wake naye anaingia humo humo. Mbwa hakula karanga zako, alikula kilichokula karanga zako. Mnakumbuka Aprili 2018, simba 11 ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth, karibu na kijiji cha Hamukungu? Simba jike watatu na watoto wanane, na walioshukiwa waliweka sumu kwenye mzoga wakijua wanalinda mifugo yao. Na usisahau mikono yako mwenyewe iliyochanganya. Ulivaa glavu?

Mama_Luweero

Nilivaa kaveera mkononi.

Mkweli_Daima

Samahani, ila mimi hadithi hii siiamini. Mama anasema usiku anasikia kindi wakikwaruza. Kindi gani wa usiku? Kindi anatafuta chakula mchana, giza likiingia yuko tunduni amelala. Aliyekulia kijijini anajua. Mwezi jana hapa hapa kulikuwa na mwingine na tumbili wake, tukamchangia mawazo siku tatu, kumbe anatunga. Mbwa kafa, mjane analia, kikao cha LC, imekaa kama mchezo wa redio. Mwenye kaveera atuonyeshe kaveera.

Mla_Fenesi

Duh. Lakini kweli, kindi usiku?

Afande_Mstaafu

Hapo Mkweli kasema kweli. Mimi miaka yote ile sikuwahi kulinda usiku. Tulikuwa tunarudi nyumbani jua likizama.

Sister_Arua

Mtu akitunga hadithi hujipendelea. Huyu kajianika. Mimi namwamini.

Mama_Luweero

Sijatunga. Kama ningetunga ningemfanya mbwa apone. Sijui kindi analala saa ngapi, mimi nasema ninachosikia: saa tano, saa sita za usiku, kwaru kwaru, halafu kimya. Mchana nawaona kindi, asubuhi naona mashimo, nikajumlisha. Mwingine ningemwaza nani?

Na kwa kuwa mnaniona mwongo, nimalizie na lile nililolificha hata kwa mume wangu. Asubuhi ile kabla mbwa hajaanguka, mjukuu wa jirani alimwona ameng'ata panya. Akasema panya mkubwa kama paka, mkia mrefu, nusu yake mweupe. Tukamcheka mtoto.

Bwana_Mifugo

Mtoto hakukosea! Huyo ni panya buku. Mkia mweusi kuanzia shinani, nchani mweupe. Hufikia kilo moja na kuzidi, na hutembea usiku. Ana mifuko mashavuni: hali pale pale, anajaza mashavu, anapeleka akibani shimoni, anarudi tena. Ndiyo maana mstari mzima unaisha kwa usiku mmoja. Mama, umekuwa ukimshitaki kindi kwa kesi ya mtu mwingine.

Mzee_wa_Miwa

Mbona kama musu, yaani ndezi?

Bwana_Mifugo

Hapana mzee. Musu mkia wake mfupi, na yeye ni mtu wa majani na miwa yako.

Mwalimu_Juma

Panya buku! Kule Morogoro, Tanzania, wanafundishwa kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na makohozi yenye kifua kikuu. Mmoja aliitwa Magawa, alifanya kazi Kambodia, na mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu Uingereza. Pua inayosikia bomu chini ya udongo, karanga iliyofukiwa vidole viwili itaikosa? Najua sijajibu swali, lakini wanafunzi wangu hupenda sana habari hii.

Mkweli_Daima

Kama ni kweli, kuna njia ya kujua bila sumu. Leo jioni nyunyiza majivu yaliyochekechwa kwenye njia ya kuingilia bustanini. Kesho soma nyayo. Nikikukosea nitaomba radhi hapa hapa.

Bwana_Mifugo

Naunga mkono. Pia tafuta shimo lake: kwenye kichuguu, chini ya shina kuu, au nyuma ya choo penye kichaka. Fyeka kichaka hicho. Tega mtego wa sanduku wenye ndizi mbivu au kipande cha parachichi jioni, ufunge asubuhi. Zile kilo mbili usizimwage chooni wala kinamasini, na usizichome, moshi wake ni sumu pia. Funga ndoo, iweke juu mbali na kuku na watoto, mwite afisa kilimo wa gombolola aje aichukue.

Mama_Luweero – Jumapili, saa 1 jioni

Nimerudi. Majivu niliyaweka Ijumaa. Jumamosi asubuhi kulikuwa na nyayo za vidole virefu, na katikati mstari kama wa kamba iliyoburutwa. Zimetoka kichuguuni nyuma ya choo, zimerudi huko huko. Kindi mmoja alishuka kwenye saa mbili, akaokota ganda la parachichi, akapanda nalo. Karanga hakuzigusa. Nilikaa pale na chai yangu nikamtazama.

Sijapanda. Mtego nimeazima. Afisa kilimo amesema anakuja Jumanne.

Mkweli_Daima

Naomba radhi, mama.

Sister_Arua

Na jirani?

Mama_Luweero

Nilikwenda leo baada ya swala ya alasiri, na mume wangu. Nilisema yote nikiwa nimesimama, hakunikaribisha kiti na sikukitazamia. Alinyamaza mpaka nikadhani hakunisikia. Halafu akauliza kama zile mbegu zingine bado ziko kwangu, kwa sababu kuku wake hupita chini ya ua wetu. Nikamwambia ziko juu ya kabati, ndoo imefungwa. Akasema anataka kuiona kwa macho yake. Tukaongozana, yeye mbele.