Mume yuko nyumbani tangu Machi, na upawa umegeuka fimbo. Mtu anatokaje?

binti_wa_kengeja, 9 Mei 2020, saa 5:40 usiku

Assalaam alaykum. Nisameheni kwa maandishi ya haraka, naandika nikiwa chooni na simu nimeizima sauti.

Mume wangu alikuwa akifanya kazi hoteli moja ya shamba, upande wa mashariki. Miaka kumi na moja ya ndoa tumezoea hivyo: Jumapili anaondoka, Ijumaa anarudi na samaki wake na mkoba wa nguo chafu, tunakaa siku mbili kwa wema, anaondoka tena. Machi ndege za watalii zikakatika, hoteli ikafungwa, wakaambiwa warudi makwao na mshahara utajulikana mbele. Haukujulikana. Mie nilikuwa nauza malai na maandazi mlangoni kwa watoto wa skuli, na skuli nazo zikafungwa. Basi humu ndani tuko watu sita pamoja na mama mkwe, na pesa haiingii kwa upande wowote.

Alianza kwa maneno. Nani kakupigia, mbona unacheka na simu, gesi inakwishaje wiki mbili. Kumi la mwanzo la Ramadhani nilipunguza sukari kwenye uji, kwa sababu sukari yenyewe naikopa kwa kikombe. Akaonja, akaniangalia, akachukua upawa akanipiga nao mkononi mara tatu mbele ya watoto, adhana ya magharibi hata haijesha. Mkono ukavimba. Mama mkwe akanambia nipake mafuta ya nazi, mwanawe hakuwa hivi, ni hii corona. Tangu siku hiyo imeshakuwa mara nne.

Mwanangu wa kike ana miaka tisa. Siku hizi tukishateka uji anauchukua upawa, anauosha, anaupandisha juu ya kabati. Hajaambiwa na mtu. Akishaupandisha ndio anakuja kufuturu.

Kwetu ni Pemba. Mama ana pumu, nachelea nisije nikampelekea maradhi. Sheha wetu, kiongozi wa shehia, ni ami yake mume. Na nikitoka bila ruhusa wataniita nashiza, mke aliyeasi. Sikuja hapa kuuliza niachike au nisiachike. Nataka kujua mtu anatokaje kwenye nyumba ambayo anayempiga hatoki.

mzee_wa_baraza

Wa alaykum salaam mwanangu. Subira. Mwanamme aliyezoea kuleta, siku akikaa kitako nyumbani anajiona si kitu. Huu mtihani utapita. Mpikie vizuri, usimjibu, na siri ya nyumba usiitoe nje.

karafuu_mbichi

Mzee wangu, kwa heshima zote, ampikie vizuri kwa sukari gani? Keshaeleza kuwa kapigwa kwa ajili ya uji. Mtaani kwetu waume wangapi hawana kazi tangu Machi na upawa wao umo ndani ya chungu? Corona haikumwazima mkono. Ilichofanya ni kumweka ndani siku saba badala ya mbili, na zile tano alizokuwa mwenzetu akipumua zimekwenda.

mdau_dodoma

Pole sana dada. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inakataza mtu kumpa mwenza wake adhabu ya viboko. Kafungue kesi mahakama ya mwanzo.

karafuu_mbichi

Ahsante kaka, lakini hiyo ya kwenu Bara, haijavuka maji. Ndoa zetu huku ziko kwa kadhi. Ila kumpiga mtu ni jinai, na jinai imo kwenye Sheria ya Adhabu yetu ya 2018. Kwa hilo huhitaji idhini ya kadhi wala ya sheha, awe ami wa nani.

nesi_mstaafu

Mwanangu, umeuliza swali ambalo wengi hawaliulizi. Watu husema "kwa nini haondoki" kana kwamba mlango uko wazi.

Safari moja ambayo ni vigumu kukuzuia ni ya hospitali. Mkono unauma, mtoto ana homa, vyovyote. Pale Mnazi Mmoja kuna kituo cha Mkono kwa Mkono. Daktari, polisi na mshauri wako pamoja, kwa hiyo huzungushwi kituoni kwanza na fomu ya polisi ya PF3 halafu ndio uende kutibiwa. Pemba kipo Chake Chake. Ukifika sema ulivyoumia. Mie nimeandika "ameanguka" kwenye makaratasi mengi mno katika kazi yangu, na mgonjwa na mie sote tukijua kuwa nyumbani kwake hakuna ngazi. Lile neno likishaandikwa, siku ukienda mbele ya hakimu au kadhi ndilo litakalokusuta.

Cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na kitambulisho chako cha Mzanzibari vitoe humo ndani kidogo kidogo, umpe mtu unayemwamini. Usivitie chini ya godoro, ndipo pa kwanza kuangaliwa. Ukimwona keshapandisha hasira usikimbilie jikoni kwenye visu, wala huko chooni unakoandikia, hakuna mlango wa pili. Kaa karibu na uani au barazani. Na ukishasoma hapa, futa.

abu_twalib

Kuhusu nashiza. Mke anayetoka kwa kukimbia madhara hahesabiwi sawa na aliyetoka kwa ukaidi, na kadhi ukimweleza kwa ushahidi atalitazama hivyo. Mama yetu Aisha (r.a.) amesimulia kuwa Mtume (s.a.w.) hakupata kumpiga kwa mkono wake mwanamke wala mtumishi. Sasa hao wanaosema wanafuata suna, hiyo nayo ni suna.

Halafu soma aya ya 35 ya Suratun-Nisaa: mwamuzi mmoja kutoka kwao mume na mmoja kutoka kwao mke. Hebu hesabu waliokuzunguka. Mama mkwe, sheha aliye ami yake. Wote ni wa kwake. Wa kwako ni nani hapo Unguja? Mtafute huyo kabla ya kikao chochote, la sivyo si sulhu.

mtoro_wa_leicester

Huku Uingereza tumefungiwa majumbani tangu 23 Machi, kutoka kwa sababu maalumu tu. Ikabidi serikali itangaze wazi kuwa anayekimbia kupigwa havunji amri. Huko kwetu hakuna aliyekufungieni kwa askari, lakini naona mlango umefungwa vilevile.

Visiwa vya Canary, Hispania, walianzisha jambo zuri. Mwanamke anakwenda duka la dawa anaomba "barakoa 19", na muuzaji anajua hapo pa kupiga simu. Wewe huwezi kuomba barakoa, utapewa barakoa. Tafuta kitu cha kuazimana na jirani, ambacho hata yeye mume akikisikia hageuki.

mpishi_nungwi

Mie ni mwanamme, nilikuwa jikoni hotelini, nimerudishwa Machi hiyohiyo. Wiki ya tatu nilipiga teke mlango wa chumbani mpaka bawaba ikang'oka, kwa sababu mke wangu kaniuliza kama nimeshapata chochote. Niliona watoto wanavyoniangalia. Sasa alfajiri nakwenda pwani na wavuvi, nikipata nisipate. Mzee wa baraza, shida ni kweli, nami ninayo. Mlango ule niliupiga mwenyewe.

binti_wa_kengeja, 12 Mei

Nimesoma yote, nimefuta, nimerudi kusoma tena. Wa kwangu yupo. Mtoto wa ami yangu yuko Fuoni, tulikuwa hatusemezani kwa mambo ya urithi wa mikarafuu, nimempigia nikalia kabla ya salamu. Vyeti viko kwa jirani, nimevipitisha ndani ya kawa la futari. Tumekubaliana kwenye mbuzi ya kukunia nazi. Mwanangu akitumwa kuomba mbuzi, jirani anajua.

karafuu_mbichi

Mbuzi! Bibi wee. Mungu akuhifadhi.

binti_wa_kengeja, 28 Mei

Idi mubarak kwa kuchelewa.

Siku ya pili ya Idi nilimtuma mtoto akaombe mbuzi. Nazi hatukuwa nayo hata kifuu. Jirani hakuuliza. Alikuja na mumewe, wakakaa barazani wanapiga hodi na kutaka kahawa, na hawakuondoka mpaka gari ya Fuoni ikafika. Mume hakusema neno mbele za watu. Nimetoka na watoto watatu na mkoba mmoja, nguo za Idi zikiwa mwilini.

Asubuhi yake nilikwenda Mnazi Mmoja. Daktari aliniuliza nimeumiaje, nikakumbuka maneno ya nesi, nikasema upawa. Akaandika upawa. Kwa kadhi bado, nimeambiwa nianze na hilo la polisi na matunzo ya watoto yatafuata. Mama mkwe ananitumia salamu nirudi, mwanawe hali chakula. Sijamjibu. Mama Pemba keshajua, kasema pumu ni yake na mie ni wake, niende lini nitakapo.

Jana wifi yangu wa hapa Fuoni alipika mchuzi, tukala, kisha akawa anahangaika jikoni, anafunua vyungu, anauliza watoto. Nikamwonyesha juu ya kabati.